Somo: Kupima kazi ya mirija ya figo kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu

Ndugu zangu wa labo hapa Bukavu, kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huitoa) inatuonyesha vichujio vya figo vimefikia wapi. Kuhusu mirija, yaani vijibomba vinavyopokea maji yaliyochujwa, haisemi mengi. Na mirija ndiyo yenye kazi nzito: figo zenye afya huchuja karibu lita 180 kwa siku, mirija ikarudisha karibu zote mwilini, tukakojoa lita moja au mbili tu.

Hatua ya 1. Chukua damu na mkojo wa asubuhi kwa wakati mmoja. Andika dawa zote anazokunywa, hasa za kukojosha kama furosemide. Usimwachishe dawa, hilo ni la daktari wake.

Hatua ya 2. Bandeleti (kijiti cha kupimia mkojo). Mkojo ukiwa na sukari na damu yake iko sawa, shuku sehemu ya mwanzo ya mirija. Uliza kwanza kama anakunywa dapagliflozin, dawa ya kisukari na figo, maana kazi yake ni kutoa sukari kwa mkojo. Anayekunywa tenofovir, dawa ya virusi kama vya UKIMWI, mtazame kwa makini zaidi: inaweza kuumiza mirija hiyohiyo.

Hatua ya 3. Refraktometa (kifaa cha kupima mkojo umekolea kiasi gani). Figo zilizochoka hushindwa kukoleza mkojo, kipimo kikaganda karibu na 1.010. Ndiyo maana mgonjwa anaamka usiku mara tatu, na wa nyumbani wanalaumu baridi ya ziwa.

Hatua ya 4. Hesabu ya chumvi (sodiamu), kwa mfano wa mgonjwa mmoja. Zidisha sodiamu ya mkojo kwa kreatinini ya damu: 70 × 3 = 210. Zidisha sodiamu ya damu kwa kreatinini ya mkojo: 140 × 60 = 8,400. Gawanya 210 kwa 8,400, zidisha kwa 100: asilimia 2.5, ndiyo sehemu ya sodiamu iliyochujwa inayotoka kwa mkojo. Kreatinini zote mbili ziwe miligramu kwa desilita. Ya mkojo ikiandikwa gramu 0.6 kwa lita, ndiyo 60 hiyo. Ukisahau kugeuza, jibu lote limeharibika.

MASWALI

Muuguzi, Kadutu: Mwalimu, nilifundishwa kwamba ikipita asilimia 2 mirija imekufa. Huyu wa 2.5 je?

Jibu: Hapana, dada. Kanuni hiyo ni ya figo zilizoumia ghafla. Kwa ugonjwa wa muda mrefu, vichujio vichache vilivyobaki vinabeba mzigo wa vyote, basi mirija yao inaachia chumvi zaidi ili mwili usivimbe. Mlinganishe na vipimo vyake vya zamani.

Fundi wa labo, Bagira: Sisi hatuna mashine ya sodiamu.

Jibu: Fanya hatua tatu za kwanza, uziandike vizuri. Zinamsaidia daktari sana.

Mwanafunzi, Ibanda: Na mkojo wa saa 24?

Jibu: Unafaa, ila mirija yenyewe hutoa kreatinini kidogo kutoka kwenye damu, kwa hiyo figo huonekana nzima kuliko zilivyo. Mgonjwa amwage mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha akusanye wote hadi ule wa kesho yake asubuhi. Mama mmoja aliniletea bidoni nusu: alishinda sokoni, bidoni ikabaki nyumbani. Sikuwa nimemweleza. Siku hizi ninampa kila mgonjwa chupa ndogo ya kutembea nayo.