Jinsi ya kutoa DNA ya ndizi ukaiona kwa macho yako, hapo hapo jikoni

Walimu wa bailojia na wazazi wenye watoto sekondari, hii yenu. Watoto wanakariri DNA (ile maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) toka form one mpaka form four hawajaiona hata siku moja, na mimi hilo linaniuma kweli, maana inatakiwa ndizi moja tu.

Tafuta ndizi mbivu iliyoanza madoa, chumvi, sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa cha pamba na spiriti ya duka la dawa. Soma lebo, asilimia 90 kwenda juu ndo nzuri, ya 70 inatoa kidogo. Chupa ya spiriti ifunge vizuri uizamishe kwenye barafu mpaka iwe baridi kabisa, na jiko liwe limezimwa, spiriti inashika moto haraka, wala mtu asionje.

Ponda nusu ndizi kwa uma iwe laini, usitie kwenye blenda maana inakatakata nyuzi za DNA. Pembeni chukua nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi na viwili vya sabuni, koroga polepole lisitoke povu, mwagia kwenye ndizi uache dakika 10. Hapo sabuni inavunja utando wa seli na wa kiini (umetengenezwa na mafuta, ndo kazi ya sabuni hiyo), chumvi nayo inasaidia DNA ishikane baadaye. Ukiongeza kijiko cha juisi ya nanasi freshi ni bora zaidi, ina kimeng'enya kinachokata protini zilizoizunguka DNA. Ya boksi haifai, imeshapitishwa kwenye moto.

Chuja kwenye glasi nyembamba, usikamue kitambaa.

Sasa hapa ndo pa kutulia: inamisha glasi, mimina spiriti taratibu ipite ukutani ikae juu, kiasi sawa na kile cha chini, halafu usitikise. Baada ya dakika chache utaona wingu jeupe linapanda pale zinapokutana, lina viputo na nyuzi zinavutika kama kamasi. Zungusha kijiti cha meno uinyanyue. Ndo yenyewe, ingawa imechanganyika na protini na vitu vingine vya tunda, maabara wanaisafisha zaidi.

Friedrich Miescher, mwanasayansi wa Uswisi, aliipata kwa wazo linalofanana na hili mwaka 1869 kule Tübingen, Ujerumani, kwenye usaha wa bandeji za hospitali. Na mpaka leo mtafiti akitaka kujua muhogo una kirusi gani cha batobato, au kusoma jeni ya selimundu, ambayo herufi moja tu ya DNA (huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C) imegeuka toka A kuwa T, anaanza na hatua hizi hizi: vunja seli, ondoa protini, ikusanye DNA. Herufi zenyewe kwenye glasi huzioni, hizo zinataka mashine.

Usipoona kitu, mara nyingi spiriti haikuwa baridi au umeimimina kwa pupa ikachanganyika. Rudia na ile nusu ndizi iliyobaki.