Juisi ya matunda damu kwa mwenye upungufu wa damu: namna ya kuitengeneza na kuinywa

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mama mjamzito akiambiwa damu iko chini, nyumbani huanza kumtafutia matunda damu, yale ya prune ya Japoni (tamarillo, nyanya za mti). Yanasaidia kweli, ila si kwa wekundu wake. Gramu 100 za tunda hazifikishi hata miligramu 1 ya chuma, madini yanayojenga damu. Kinachofanya kazi ni vitamini C, ambayo husaidia utumbo kupokea chuma kilichomo katika maharagi, sombe (majani ya muhogo) na lenga-lenga (mchicha). Kwa hiyo juisi inayonywewa peke yake, mbali na chakula, ni kiburudisho tu. Kunywa glasi ndogo ya mililita 150 ukiwa unakula.

Kwa kilo moja, chagua sokoni Kadutu matunda 12 hadi 15 yaliyoiva kote, yanayobonyea kidogo. Yenye ukijani ni machungu na husumbua tumbo. Yaache nyumbani siku mbili tatu yaive.

Yaoshe, chana msalaba mdogo kwenye ncha, yamwagie maji yaliyochemka, ngoja dakika moja au mbili, kisha yatie katika maji baridi. Ngozi itatoka kwa vidole. Wengi wanaosema juisi hii ni chungu hawakuvua ngozi. Usiyapike: moto mrefu huua vitamini C, ukabaki na sharubati yenye rangi nzuri.

Kata vipande, ponda kwa mwiko au piga kwa mikseri sekunde 10 hivi. Ukizidisha, mbegu husagika na uchungu hurudi. Ongeza nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uchuje. Sukari vijiko viwili vikubwa inatosha. Mwenye kisukari asitie kabisa. Fanyia kazi katika bakuli la plastiki au la kioo, kwa kuwa asidi hula aluminyumu na juisi hushika ladha mbaya. Kwenye frigo isikae zaidi ya siku moja. Mahali umeme unapokatika kila saa, tengeneza ya mlo huo tu. Ikitoa povu, mwaga.

Anayeharibu kazi yote ni chai. Chai na kahawa hufunga chuma cha chakula, basi visubiri saa moja au mbili baada ya kula. Kinyume chake, samaki wadogo wa ziwani waitwao sambaza, wakiwekwa kidogo juu ya maharagi, husaidia chuma cha maharagi kupokelewa vizuri zaidi.

Vidonge vya kliniki haviachwi kwa sababu ya juisi. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na kidonge chake cha kila siku hubeba miligramu 30 hadi 60 za chuma. Juisi haifiki karibu na hapo. Unaweza kukimeza kwa juisi hii, si kwa chai wala maziwa. Apimwe pia malaria na minyoo, maana vikibaki mwilini damu itaendelea kushuka hata akila vizuri.

Mgonjwa wa SS (selimundu) asipewe dawa za chuma bila vipimo, hasa kama ameongezewa damu mara nyingi, kwani chuma kinaweza kurundikana mwilini mwake. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kunywa, kwa sababu tunda hili lina potasiamu nyingi. Na yeyote mwenye viganja vyeupe, anayehema akipanda ngazi chache au moyo ukimwenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.