Mbegu ya zabibu isikudanganye, panda pingili

Kila msimu lazima nikutane na swali hili kwa wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana huku Dodoma: zile mbegu za ndani ya zabibu si nizikaushe tu nisie kitaluni, mbona ni bure? Usifanye hivo, na sababu iko kwenye seli.

Seli ya mzabibu wetu wa kawaida ina kromosomu 38, humo ndo kuna maelekezo yote, utamu, rangi, ukubwa wa kishada. Ua likitengeneza chavua na yai, seli inajigawa mara mbili mfululizo na inayotoka inabaki na 19 tu, tena zimeshachanganywa, afu 19 za dume zikikutana na 19 za jike ndo mbegu inapatikana, na kila mbegu ina mchanganyiko wake. Kwaiyo kishada kimoja kinaweza kukupa miche isiyofanana hata kidogo, na utakaa miaka unaimwagilia ndo ujue haina maana. Watafiti wa aina mpya wanautaka huo mchanganyiko, ww mwenye mzigo wa kupeleka kiwandani huutaki.

Pingili, yaani kipande cha tawi unachokata na kupanda, ni habari nyingine. Seli inanakili zote 38 kwanza ndo inajigawa, kila upande unaondoka na 38 zake, na hizo zinajigawa tena na tena, mche unakuwa ni mama yule yule. Sasa mama mchague wakati wa mavuno, maana ukishapogoa mizabibu yote inafanana: funga kitambaa kwenye mti uliobeba vizuri. Wenye majani yaliyojikunja au mabaka achana nao, virusi vinahamia na pingili na shambani hamna dawa ya kuvitoa.

Kata tawi lililokomaa la msimu uliopita, unene wa penseli, macho 3 au 4, urefu kama sm 30, kwa mkasi mkali uliofutwa spiriti. Chini kata bapa, juu kata mshazari, usije ukapanda kichwa chini. Kwangua ganda kidogo na ukucha, ukikuta kibichi seli zinazojigawa bado ziko hai, ukikuta kahawia tupa.

Baada ya wiki kadhaa mwisho wa chini unaota kinundu cheupe, ni seli zinaziba kidonda, na mizizi inatokea maeneo hayo hayo. Hapa jamani ndo wengi wanapoteza miche! Jicho likichipua wanadhani imeshika, wanahamisha, inakauka, kumbe lile jani lilikuwa linakula akiba ya tawi na mizizi bado kabisa. Subiri mizizi ijae kiriba.

Kitalu kiwe na kivuli, jua la Dodoma mnalijua wenyewe. Udongo uwe na unyevu ila sio tope, seli zikijigawa zinahitaji hewa, maji yakituama pingili inaoza. Kama huna kisima, pigia hesabu mche uwe tayari mvua za Desemba na Januari zikishashika.