Namna ya Kutayarisha na Kutumia Chenpi, Ganda Kavu la Chenza

Chenpi ni ganda la chenza lililokaushwa na kuachwa likomae, na katika tiba ya jadi ya Kichina hutumiwa sana kwa matatizo ya tumbo na kifua. Lenye sifa kubwa kuliko yote hutoka Xinhui, wilaya ya mji wa Jiangmen katika jimbo la Guangdong, ambako ganda halihesabiwi kuwa chenpi mpaka limekaa ghalani walau miaka 3.

Waganga wa Kichina husema ganda hili ni chungu, kali kidogo na lenye asili ya joto, na kwamba kazi yake imo katika wengu na mapafu. Kwa maelezo yao, huisukuma chi, yaani nguvu ya uhai inayozunguka mwilini, pale ilipokwama, na hukausha unyevu ambao ukizidi hugeuka belghamu. Ndiyo maana hupewa mtu aliyevimbiwa, anayecheua ovyo, mwenye kichefuchefu au asiye na hamu ya kula, pamoja na mwenye kikohozi kinachotoa makohozi mengi meupe. Kikohozi kikavu, chenye koo linalowasha na ulimi mwekundu, ni jambo jingine kabisa: kwa mtazamo wao ganda hili litazidi kumkausha mgonjwa.

Anayetaka kukausha la kwake achague machenza yaliyoiva, yasiyopakwa nta wala dawa za kuhifadhi, ayaoshe na kuyafuta. Huko Xinhui ganda hukatwa vipande vitatu vinavyobaki vimeshikana upande mmoja, huachwa lilegee kidogo, kisha hupinduliwa ili sehemu nyeupe ya ndani itazame jua. Lianikwe mpaka livunjike kwa urahisi, kwa kuwa ganda lenye unyevu huota ukungu, na lililoota ukungu ni la kutupwa hata kama limekaa miaka mingi. Hifadhi mahali pakavu na ulianike tena kila mwaka msimu wa ukame ukifika. Kadiri miaka inavyopita rangi hukolea kuelekea kahawia iliyoiva na ule ukali wa mafuta yake hupungua. Wanaokunywa chai yake hulipenda kwa sababu hiyo, ingawa bei za ganda la makumi ya miaka, kwa maoni yangu, ni za wakusanyaji kuliko za wagonjwa.

Kiwango kilichowekwa katika kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 3 hadi 10 kwa siku. Suuza ganda haraka, liloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka lilainike, likatekate, kisha lichemshe kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa ili harufu isipotee. Vipande vichache vya tangawizi vinafaa kwa mwenye kichefuchefu. Kuhusu ile sehemu nyeupe, Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa mwaka 1596, anaeleza kwamba huachwa dawa ikiwa ya tumbo na hukwanguliwa ikiwa ya belghamu. Jikoni Wakantoni, yaani watu wa Guangdong, hulitia katika supu tamu ya maharage mekundu na katika nyama ya bata, na huko hakuna haja ya kupima gramu.

Ganda la chenza bichi, liitwalo qingpi, lisichukuliwe kuwa ni kitu kilekile: lina nguvu zaidi na huelekezwa kwenye ini. La balungi na la danzi yasitumiwe kabisa badala yake, kwani yana kemikali zinazoweza kuzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za hospitali. Chenpi lenyewe lina sinefrini, kemikali inayoweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito wamwulize daktari kwanza. Utafiti mwingi kuhusu kemikali zake, hesperidini ikiwemo, umefanywa maabara na kwa wanyama, na hautoshi kuahidi uponyaji.

Mchanganyiko maarufu wa Er Chen Tang, ambao huunganisha chenpi na banxia (kiazi cha mmea), fuling (aina ya uyoga) na gancao (mzizi mtamu), usitengenezwe nyumbani, kwa sababu banxia ambayo haijasindikwa ni sumu. Kikohozi kikifuatana na homa, damu au kukosa pumzi, acha chai ya chenpi na uende hospitali siku hiyohiyo.