Jaribio la Stroop kwa karatasi mbili na saa ya simu

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hukariri "kigeu huru" na "kigeu tegemezi" vizuri tu, mpaka uwaulize kipi ni kipi. Siku hizi siwaelezi, nawapa kalamu za rangi.

Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop aliwapa wanafunzi 100 kazi ya kutaja rangi za miraba 100. Walitumia wastani wa sekunde 63. Penye miraba palipowekwa majina ya rangi yaliyochapwa kwa wino wa rangi nyingine, zikafika 110.

1. Andika nadharia tete, yaani jibu unalolitarajia kabla ya kupima, kabla ya yote: kutaja rangi ya wino kutachelewa neno likitaja rangi tofauti. Aina ya karatasi unaipanga wewe, ndiyo kigeu huru. Sekunde unazipima, ndizo kigeu tegemezi.

2. Tengeneza karatasi. Usikimbie hapa. A ina miraba 30. B ina maneno 30, majina ya rangi yasiyolingana na wino wake, wino ukifuata mpangilio uleule wa rangi za A. Tumia nyekundu, kijani na buluu: kila moja ina silabi tatu, kwa hiyo hakuna inayochelewesha ulimi. Manjano nimeiacha, haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe. Waambie mapema waseme "nyekundu" tu, wasihangaike na "mwekundu" au "jekundu".

3. Omba ridhaa, mwambie mshiriki anaweza kuacha wakati wowote, na uhakikishe anazitofautisha rangi hizo.

4. Gawa washiriki nusu kwa nusu kwa kura: hawa waanze na A, wale na B. Mwaka mmoja niliwaanzisha wote na A. Walipofika B walikuwa wameshazoea, tofauti ikawa kiduchu, nami nikabaki nakuna kichwa mbele ya darasa.

5. Pima. Akikosea, ajisahihishe ndipo aendelee, saa isisimame.

6. Kwa kila mshiriki toa sekunde za A kwenye za B, kisha tafuta wastani wa tofauti hizo. Ukiwapima wanachuo wenzako 20, umejua habari za wanachuo hao, si za Watanzania wote.

Je, mtoto wa chekechea anayezijua rangi lakini hajajua kusoma? Andika nadharia tete yako kwanza, halafu kamwombe mzazi wake ruhusa.