Kadi ya kunasa video na monita ya kuhariria: panga meza kabla ya kutoa pesa

Ijumaa moja jioni kijana wa Mamboleo alipanda ngazi hadi ofisini kwangu hapa Kisumu, mkononi boksi dogo lenye maandishi ya dhahabu: 4K. "Bosi, nisaidie," akasema. "Nimenunua kapcha, hii kadi ya kunasa video, lakini video zangu hazitoki kwenye kamera." Nikamuuliza kamera yake inarekodi wapi. "Kwa memori kadi." Nikatoa kisoma-kadi kwenye droo, nikachomeka, video zote zikaingia kwenye laptopu kabla hajamaliza soda yake. Boksi lake la dhahabu tulilirudisha mfukoni.

Kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji

Kadi ya kunasa hupokea picha inayopita kwenye waya na kuigeuza kuwa faili. Kama kamera imeshaandika faili kwenye memori kadi, huna cha kunasa. Unanakili tu, na ubora haupungui hata chembe.

Wenye haja nayo ni hawa. Kwanza, anayerusha ibada, harusi au mazishi moja kwa moja, ambaye picha lazima iingie kwenye kompyuta saa ileile. Pili, anayeokoa kanda za zamani. VHS inataka kadi yenye yale matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. MiniDV ndiyo mtego: picha yake tayari ni ya kidijitali, 720 kwa 576, na njia safi ni waya wa FireWire, unaonakili data kama ilivyo, karibu GB 13 kwa saa moja. Ukiipitisha kwenye waya wa njano umeichakaza bure.

Wa tatu ni mhariri, na yeye haingizi picha, anaitoa. Anataka picha safi itoke kwenye programu ifike kwenye monita bila kuguswa na mipangilio ya kompyuta. Hiyo ni kadi tofauti. Blackmagic, kwa mfano, wana DeckLink Mini Recorder, inayopokea tu, na DeckLink Mini Monitor, inayotoa tu. Kwa sura zinafanana kama pacha. Soma jina lote kabla ya kutuma pesa Nairobi.

Hatua ya 2: Piga hesabu, usisome boksi

Chukua karatasi. Picha ya HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. Bila kubanwa, kwa mfumo wa kawaida wa rangi wa 4:2:2 wa biti 8, kila pikseli hula baiti 2. Kenya tunafanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde. Zidisha: unapata takriban megabaiti 104 kila sekunde. Ukipiga kwa fremu 50, ni 207. Saa moja ya fremu 25 inakula karibu GB 373. Sherehe ya posa ikianza saa tano na wazee wakakubaliana saa kumi, diski yako imekwisha kabla ya chakula.

Sasa angalia vile vidude vya USB vya bei ya chini vilivyojaa madukani. Vingi ni vya USB 2.0, ambayo kwa karatasi hupitisha megabiti 480, yaani megabaiti 60 kwa sekunde, na kwa kazi halisi hata hizo hazifiki. Megabaiti 104 hazipiti hapo. Kidude hulazimika kubana kila fremu kama picha ya JPEG. Hiyo 4K ya boksini ina maana kinakubali kupokea ishara ya 4K. Kinachoingia kwenye kompyuta ni 1080 iliyobanwa.

Utaona wapi? Kwenye kitenge. Mpe bibi harusi nguo ya maua madogo mekundu, kisha kuza picha mara mbili: kingo za maua zimemwagika, na ndani yake kuna viboksi. Kwa kurusha Facebook hutapata malalamiko. Kwa kazi ya kusahihisha rangi, umeshapoteza kabla ya kuanza.

Kasoro nyingine ni fremu. Vidude vingi hupenda kutoa 30. Ukikipa 25, kinajaziliza kwa kurudia fremu tano kila sekunde, na kamera ikizunguka polepole kufuata jeneza linavyoingia bomani, picha inaruka kama gari kwenye matuta. Kabla ya kununua hakikisha kadi inaandika wazi kuwa inakubali 1080p25, 1080p50 na 1080i50 (p ni fremu nzima, i ni nusu fremu zinazopishana).

Usichanganyikiwe na ukubwa wa faili, lakini. Karibu hakuna anayehifadhi bila kubana. ProRes 422, mfumo wa kubana video ya kuhariri, kwa 1080p25 ni kama megabiti 122 kwa sekunde, karibu GB 55 kwa saa, na DNxHD, mfumo mwingine kama huo, ya kiwango kinacholingana nayo haiko mbali na hapo. Diski ya kawaida inaimudu. Mimi huhariria kwenye SSD na kuhifadhi kwenye diski ya kuzunguka.

Hatua ya 3: Angalia mlango wa kompyuta yako

Wengi wetu tunatumia mashine za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na ni nzuri. Kwenye laptopu tafuta tundu la USB 3, mara nyingi la buluu au lenye herufi SS. Tundu la Type-C lenye alama ya radi kwa kawaida ni Thunderbolt, njia nyingine ya kasi ya kupitisha data. Lisilo nayo huenda ni USB tu, ingawa umbo ni lilelile. Vifaa vya Thunderbolt kama UltraStudio ya Blackmagic haviamki kwenye USB ya kawaida. Na waya pia hudanganya: ule wa kuchajia simu una kichwa hichohicho cha Type-C lakini mara nyingi ndani ni USB 2.

Kompyuta ya mezani ina nafasi ya PCIe, tundu la kadi ndani ya kasha, na hapo ndipo kadi hutulia zaidi. Kabla ya kununua fungua kasha. Zile ndogo nyembamba za ofisini hazipokei kadi yenye bati refu la kuifungia. Zinataka bati fupi. Pima, usikisie.

Usichomeke kadi ya kunasa kwenye habu pamoja na diski unayoandikia. Zitagombania njia moja.

Hatua ya 4: Waya na kamera

HDMI ni ya mezani. Ikipita mita 10 au 15 huanza kupepesa, na huchagua kupepesa wakati askofu amesimama. Kwa mazishi ya Siaya, ambapo kamera iko kaburini na kompyuta iko chini ya hema mita 40 huko, tumia SDI: waya mmoja wa ohmu 75 wenye vichwa vya BNC vinavyozungushwa na kujifunga. Ishara ya HD ya SDI hufika hadi mita 100 hivi kwenye waya mzuri. Kama kamera haina SDI, weka kigeuzi kidogo karibu nayo.

Tundu dogo la HDMI la kamera ni dhaifu kuliko unavyodhani. Mtoto mmoja alijikwaa kwenye waya wangu huko Luanda, tundu likang'oka kwenye kamera, na pesa ya ile siku yote ikaishia kwa fundi. Tangu hapo nafunga waya kwenye stendi kwa kipande cha velkro, nikiacha kitanzi kilegee kabla ya tundu.

Kisha ingia kwenye menyu ya kamera uzime maandishi yanayotoka kwenye HDMI, betri na miraba ya uso vikiwemo. Kuna kamera za zamani zisizoweza kabisa. Jaribu kwenye TV kwanza. Na ukiona skrini nyeusi ukijaribu kunasa king'amuzi cha kulipia, kadi yako haijaharibika. Ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, inayofanya kazi yake.

Hatua ya 5: Monita, na hapa ndipo pesa iende

Miaka ya mwanzo nilisahihisha harusi moja kwenye skrini ya laptopu. Skrini ilikuwa na ubuluu, kwa hiyo nikaongeza joto mpaka ngozi ikapendeza machoni pangu. Siku ya tatu mama wa bibi harusi akanipigia. "Mwanangu, huyu ni binti yangu kweli? Mbona mmempaka manjano?" Nilienda kwake Nyalenda nikatazama kwenye TV yake. Alikuwa na haki. Wageni wote walikuwa rangi ya machungwa.

Laptopu ina makosa kadhaa kwa mpigo. Paneli za bei nafuu hubadilika rangi ukiinamisha kichwa tu. Mfumo wa kompyuta huingiza wasifu wake wa rangi katikati. Tena skrini nyingi hupiga mara 60 kwa sekunde, na 25 haiingii kwenye 60 bila baki, kwa hiyo mwendo hausomeki vizuri. Kadi ya kutolea picha huondoa hayo mawili ya mwisho: inatuma 25 au 50 kamili, bila kupitia mipangilio ya kompyuta.

Tafuta monita ya IPS, paneli isiyobadilika rangi ovyo ukiinamisha kichwa, HD kamili, inayokubali hertzi 50. Lengo lako ni Rec. 709, kiwango cha rangi cha video ya HD: nyeupe ya D65 (kelvini 6500 hivi), gama (mteremko wa mwanga toka weusi hadi weupe) 2.4 kwa chumba chenye giza kidogo, na mwanga wa niti 100 hivi. Niti 100 zitakushangaza kwa uhafifu. Zizoee.

Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata toleo la bure, sakinisha kwanza programu ya Desktop Video ya Blackmagic, kisha chagua kadi kwenye mipangilio ya video na sauti. Kwenye mipangilio ya mradi weka umbo la monita kuwa 1080p 25 na viwango vya data kuwa vya video, si kamili. Video huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235. Kompyuta hutumia 0 hadi 255. Monita nayo iambie hivyohivyo. Zikipishana, ama suti nyeusi ya bwana harusi inageuka shimo, ama picha yote inakuwa kama imepakwa majivu.

Kuhusu kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder: nunueni kimoja watu watatu. Washa monita nusu saa kwanza ipate joto. Lakini jihadhari, programu yake hurekebisha wasifu wa kompyuta, na wasifu huo haufiki kwenye picha inayotoka kwa kadi. Sahihisha kwa vitufe vya monita yenyewe, au kwa LUT, yaani jedwali la kugeuza rangi.

Huna kifaa? Tumia TV nzuri kwenye hali ya sinema, zima vikorombwezo vyote vya kuongeza ukali na mwangaza, tuma milia ya rangi ya majaribio, ushushe mwanga mpaka mlia mweusi kuliko mweusi upotee na ule ulio angavu kidogo kuliko mweusi ubaki ukionekana kwa shida. Kisha amini vipimo. Kwenye duara la rangi, yaani vektaskopu, kuna mstari wa ngozi. Ngozi ya mtu wa Kisumu na ya mgeni kutoka Norwe zote hukaa karibu na mstari huo. Tofauti kubwa ni mwangaza. Uso ukiegemea upande wa kijani au wa waridi, utauona hapo kabla jicho halijakudanganya.

Chumba nacho kina maneno. Dirisha langu linatazama bati la jirani, na saa tisa jua likigonga pale, hakuna monita inayosema kweli. Nilitundika pazia zito, nikapaka ukuta wa nyuma kijivu na kuweka balbu ya kelvini 6500 nyuma ya monita.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya Jumamosi

Nasa saa nzima mfululizo, mchana wa joto, kwa sababu vidude hivi huchemka na huanza kuangusha fremu dakika ya arobaini, si ya kwanza. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni uone kama sauti na mikono bado vinakutana. Vidude vingine vya bei ya chini hujitambulisha kama sauti ya njia moja hertzi 96,000 ilhali ni njia mbili za 48,000. Sikiliza kwa hedifoni. Weka UPS, kisha ng'oa plagi ya ukutani makusudi.

Kazi ikiisha, nashuka na flashi hadi kwa mama wa samaki hapo chini, mwenye TV ukutani. "Umekuja tena na harusi zako," huniambia, huku akinipisha remoti. Naweka dakika mbili za uso wa bibi harusi. Wateja wakiendelea kula bila kuuliza kuna nini na hiyo TV, napanda juu kumpigia mteja simu.