Mbwa wa jirani kamng'ata mnyama wako? Cha kufanya kabla hujashika panga

Nianze na kitu ambacho watu wengi wanakosea, usimuue yule mbwa. Najua hasira, mbuzi wako yuko chini anakoroma, mbwa wa jirani bado anajiramba mdomo pale getini, vijana wa mtaa wameshaokota mawe wanasubiri tu mtu aseme neno. Lakini mbwa akifa hapohapo umepoteza vitu viwili kwa mpigo, ushahidi wako na njia rahisi kuliko zote ya kujua kama alikuwa na kichaa. Mbwa akifungwa akaangaliwa siku 10 na akabaki mzima, anakula, anabweka kama kawaida yake, basi siku ile anang'ata mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa. Mbwa aliyepigwa mawe akatupwa korongoni hakwambii kitu, we na watoto mliomshika yule mbuzi mnabaki na wasiwasi, af jirani naye anageuka anakudai mbwa wake.

Na sumu ndo kabisa usiiwaze. Sumu haichagui, atakula paka wako, kunguru watabeba vipande, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa, kwahiyo aliyeonewa asubuhi ikifika jioni ndo mshtakiwa.

Kama bado hawajaachana

Mkono wako usiingie katikati, hata kama ni paka uliyemlea mwenyewe. Mbwa akiwa kwenye ugomvi haangalii anang'ata nani, na mnyama wako mwenyewe akiwa na maumivu atakung'ata tu. Maji kwanza, ndoo nzima usoni kwa mbwa, au mpira wa bustani kama upo. Sufuria na mfuniko vigongwe kwa nguvu. Kiti cha plastiki, ubao, beseni kubwa, chochote kigumu kisukume katikati yao. Wakiwa ni mbwa kwa mbwa na mpo watu wazima wawili, kila mmoja anyanyue miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, arudi kinyumenyume huku anazunguka kidogo ili mbwa asipate nafasi ya kugeuka, ukiwa peke yako usijaribu hii. Kumvuta mnyama ambaye bado yuko kwenye meno ndo kunachana nyama, subiri aachiwe kwanza. Na kumtwanga mbwa fimbo za mgongo mara nyingi kunamfanya azidi kukaza.

Jeraha la mbwa linadanganya

Nje unaona vitundu viwili kama vya msumari, unasema aah kapona huyu. Ndani ni habari nyingine kabisa, mbwa aking'ata anatikisa kichwa, ngozi inakwenda huku na nyama inabaki kule, panabaki uwazi chini ya ngozi na uchafu wote wa mdomoni umeshaingia humo. Ndo maana paka anaonekana mzima Jumamosi, Jumanne ana uvimbe unanuka.

Kabla hujamgusa vaa glovu. Huna, vaa mfuko wa nailoni kila mkono (najua rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini tusidanganyane, kila jiko lina mbili tatu zimefichwa nyuma ya unga). Sababu ni kwamba mate ya yule mbwa yamejaa kwenye manyoya, na kama una mchubuko kidoleni hiyo ni njia tayari. Watoto waondoke hapo kabisa.

Paka mfunge na taulo mwili mzima kichwa kikiwa nje. Mbwa wako mfunge mdomo na kipande cha khanga, zungusha juu ya pua, fundo chini ya kidevu, malizia nyuma ya masikio, ila usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Halafu nyanyua kidogo mdomo wa juu pembeni uangalie fizi. Zikiwa za pinki una muda kidogo. Zikiwa nyeupe na anahema harakaharaka na masikio ya baridi, huyo anapoteza damu au kapata mshtuko mkubwa, acha mambo ya kusafisha, mfunike apate joto na mkimbize kwa daktari.

Damu ikitoka sana, kandamiza na kitambaa safi dakika 5 hadi 10 bila kufunuafunua kuchungulia, kila ukichungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Ikitulia, osha kwa maji mengi ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina tu, na ukiwa na bomba la sindano lisilo na sindano ni zuri zaidi kwa vile vitundu. Usiweke spiriti, Jik, mafuta ya taa, majivu, tumbaku wala kahawa. Utumbo ukitoka nje usiurudishe ndani, funika na kitambaa safi kilicholowa yale maji ya chumvi, umfunge na khanga, twende. Tundu la kifuani likiwa linavuta hewa lifunike mara moja.

Dawa za kabatini ziacheni kabatini. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, na hii watu hawaijui wanampa kwa huruma kabisa. Diclofenac na ibuprofen zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Na ukifika duka la dawa za mifugo, muuzaji akikupa tu chupa ya oksi (ile antibiotiki ya mifugo) na sindano ukachome mwenyewe, mwambie unataka daktari amwone mnyama. Usikubali pia mtu ashone tundu la meno hapohapo nyumbani, jeraha la kung'atwa likifungwa kabla halijasafishwa ndani usaha unakosa pa kutokea. Ukiwa Morogoro una bahati, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko pale, kwingine anza na afisa mifugo wa kata, namba yake utaipata ofisi ya mtendaji.

Kuku na sungura ni suala la mshtuko zaidi kuliko jeraha. Boksi lenye giza, sehemu ya kimya, maji karibu, usiwashikeshike. Sungura anaweza kufa bila hata tundu moja mwilini.

Mtu naye kaguswa?

Hapa usifanye mchezo. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyerukiwa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, aoshe sehemu hiyo kwa maji yanayotiririka (na sabuni kama ni kwenye ngozi) dakika 15 nzima, weka saa kabisa maana dakika 15 za kuosha ni ndefu kuliko unavyofikiri. Baada ya hapo hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa na pepopunda. Usikae nyumbani kusubiri zile siku 10 za mbwa ndo uende, unaanza chanjo na huku mbwa anaangaliwa, akibaki mzima daktari ndo ataamua kusimamisha. Kichaa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na dalili zinaweza kuchukua wiki au hata miezi, kwahiyo "mbona wiki imepita niko fiti" siyo hoja. Kubandika jiwe jeusi siyo hoja pia.

Habari ya kumchinja haraka

Hapa nitagombana na wengi. Mbuzi au kondoo aking'atwa, sauti ya kwanza inayosikika ni "mchinjeni asije akafa kibudu!" na kisu kinatoka jikoni kabla hata maji hayajatoka. Naelewa, ni mali, na kula kibudu hakuna anayetaka. Lakini uliza swali moja tu kwanza, huyo mbwa ni wa nani na chanjo yake iko wapi. Kama mbwa anajulikana, ana kadi ya chanjo ya karibuni, na yuko timamu, basi mbuzi ambaye kweli haponi mchinje ukitaka, sehemu iliyong'atwa ikatwe kwa upana na izikwe. Kama mbwa hajulikani katokea wapi, au kang'ata watu na wanyama watatu asubuhi hiyo, usichinje, usigawe nyama, usimuuzie mtu wa mishikaki, mpigie afisa mifugo aseme yeye. Hatari kubwa iko kwa anayechinja na kuchuna, mikono yake ndo inayoingia kwenye mate na ubongo. Maziwa ya mbuzi huyo msinywe mpaka afisa mifugo aruhusu.

Sasa yule mbwa

Omba kadi ya chanjo, na siyo kuambiwa tu "amechanjwa huyo", uione kwa macho, tarehe na mhuri. Mbwa anaanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, anarudiwa kila mwaka isipokuwa kadi iseme vingine, kwahiyo kadi ya miaka minne iliyopita ni kumbukumbu tu. Ipige picha. Kisha mkubaliane afungwe kwa mwenyewe siku 10, asiuzwe, asipelekwe shamba kwa mjomba (hii ya kupelekwa shamba ni maarufu sana, kesi ikianza tu mbwa kasafiri).

Unachoangalia ni mabadiliko. Mbwa mpole kawa mkali, au mkali kawa mpole anajificha gizani. Sauti ya kubweka imebadilika kama inakwaruza. Anatafuna vijiti na mawe, udenda unamwagika, taya limelegea, miguu ya nyuma inayumba. Siyo lazima awe anakimbia mtaani anang'ata kila mtu, kuna kichaa cha kimya ambacho mbwa amelala tu kona na mtu anamfungua mdomo akidhani kakwamwa na mfupa. Ukiona hivyo afisa mifugo aitwe haraka. Na akifa ndani ya hizo siku, asizikwe kienyeji wala asichomwe, na kichwa kisipondwe, kipimo cha kichaa kinatoka kwenye ubongo, sampuli inapelekwa maabara ya serikali, kama TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, pale Temeke.

Mnyama wako aliyeng'atwa naye aanze kuhesabiwa siku. Kama alikuwa na chanjo, arudishiwe nyingine mapema. Kama hakuwa nayo, mtaalamu atakwambia atengwe muda gani, na ni miezi.

Kwa jirani unaendaje

Usiende na damu kichwani, ila usiende mikono mitupu pia. Kabla hujafua hiyo khanga na kufagia uwanja, piga picha: mnyama, majeraha, manyoya chini, tundu la ukuta au geti alipopitia, na mbwa mwenyewe kama anaonekana. Andika majina ya walioona. Risiti zote za daktari na bodaboda zikae bahasha moja.

Kisha mtumie ujumbe wa maandishi hata kama mnaonana kila siku, na usiwe na matusi maana siku ya baraza utasomwa kwa sauti. Mfano:

"Shikamoo Baba Nuru. Ni Mama Salma, nyumba ya geti la bluu. Leo saa 1 asubuhi mbwa wako wa kahawia amepita kwenye lile tundu la ukuta akamng'ata mbuzi wangu, kijana wako wa kazi ameona. Naomba kadi ya chanjo ya mbwa leo hii, naomba afungwe siku 10, na jioni nitakuja na mjumbe tuongee habari ya matibabu. Asante."

Kwa nini maandishi? Kwa sababu kwenye kesi za mbwa swali linalorudi kila mara ni kama mwenyewe alijua mbwa wake ana tabia hiyo. Safari ya kwanza atasema hakujua, na pengine ni kweli. Ukishamwandikia hawezi tena kusema hivyo safari ya pili. Na kama mbwa anahatarisha watu, siyo wanyama tu, Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayefuga mnyama bila kuchukua tahadhari, hapo unaweza kwenda polisi kuchukua RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi).

Jirani wengi ukienda na mjumbe, sauti ya upole na risiti mkononi, wanalipa. Wanachokataa ni kuitwa wauaji mbele ya watoto wao. Dai kitu kinachohesabika: matibabu, na kama mnyama amekufa bei yake ya mnadani wiki hiyo, mwenye mimba au wa maziwa bei yake ni nyingine na jirani ana haki ya kuambiwa kwa nini. Mtu akikwambia "ni kapaka tu hako", usibishane thamani ya paka, mwonyeshe risiti ya daktari. Ikishindikana nenda serikali ya mtaa, mwenyekiti awaite wote wawili, na ikishindikana hapo nenda mahakama ya mwanzo uulize madai yako yanafunguliwa wapi.

Kuna upande wa pili pia, kama kuku wako ndo walikuwa kwenye bustani yake ya mchicha mbwa akawakuta hukohuko, dai lako limelegea sana, ongea kijirani tu mgawane hasara.

Mkikubaliana andikeni. Karatasi moja inatosha: tarehe, nini kilitokea, kiasi gani, kinalipwa lini na kwa awamu ngapi, nani anaziba lile tundu na kabla ya siku gani, mbwa atafunguliwa saa ngapi usiku na geti likiwa limefungwa. Saini zenu, mashahidi wawili, mhuri wa mtaa. Akimaliza kulipa andikeni chini yake kwamba amemaliza, msaini tena, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti.